Mawe ya Wadi ya Akina Mama

Mmenijia mara mbili sasa, nyinyi vijana wa kile kikundi chenu, mkitaka niwaambie kama mtambo wa nyuklia ukijengwa kando ya ziwa utatufaa au utatumaliza. Mmesikia niliwahi kufanya kazi na watu wa nyuklia. Mmekosea mlango kidogo. Mtambo wenyewe sijawahi kuuona. Nilichofanya, miaka ya tisini, ni kubeba mashine ya kupima mawe na kuwashusha watu bei. Kazi ya kwanza niliifanya vizuri. Ya pili niliifanya vizuri zaidi, na ndiyo maana naandika. Ana kwa ana nimejaribu mara mbili kuwaambia, na mara zote mbili nikaishia kuwaagizia chai.

Niliajiriwa kwa sababu ya punda. Nilikuwa dalali wa mifugo, huku Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, na kampuni moja ya ng'ambo ilitaka punda wanne wa kubebea mawe. Jina la kampuni halina haja, ilishakufa. Nikawauzia wanne, wawili kati yao wakiwa wazee kuliko mtu aliyewaswaga. Baada ya siku tatu akaja kiongozi wa kambi, kijana wa ng'ambo tuliyemwita Daktari ingawa hakutibu mtu. Akanitazama kwa muda, nikajua nimeshikwa. Badala ya kudai pesa zake akasema, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Ninaomba sasa udanganye kwa upande wetu."

Sikuona tusi pale. Niliona mshahara wa kila mwezi.

Kambi ilikuwa upande wa Homa Bay, chini ya kilima ambacho sitakitaja. Wenyewe wakisoma haya watakijua. Mawe ya kilima kile yalikuwa na madini ambayo, Daktari alisema, yangeweza kuwa chakula cha mitambo ya nyuklia huko kwao. Siku moja nikamwuliza mtambo wenyewe unafanyaje. Akachora kwa kijiti mchangani: jiwe linatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, gurudumu linatoa stima.

"Kwa hiyo kazi yote hii ni ya kuchemsha maji," nikasema.

"Kwa ufupi, ndiyo."

Nililichukua jambo hilo kama mzaha wa kuwapigia watu kwenye vikao vya chai, na walicheka kweli. Ni mwanamke mmoja tu ambaye hakucheka. Nitamfikia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ochola, fundi wa vipimo, mtu mwembamba aliyekuwa amewafuata watu wa mawe tangu wakati wa Mkoloni. Mashine ilikuwa sanduku la chuma lenye mpini na sindano, na kipaza sauti kidogo pembeni kilicholia ti, ti, ti. Ukikaribia jiwe lenye nguvu, ile ti ti inakuwa kama mbegu za simsim zikimwagwa kwenye bati. Watu wa kilimani waliiita redio ya mawe. Mzee Ochola hakupenda jina hilo. Alisema redio husema uongo.

Nawaandikia alichonifundisha, kwa maana huenda mmoja wenu siku moja akapewa sanduku kama lile. Usilipungepunge kama kikapu. Lishike usawa wa goti, simama, ngoja sindano itulie, ndipo uhesabu. Ukimaliza, hesabu tena. Nambari mbili zikikubaliana, andika. Zikigombana, hesabu ya tatu. Andika kwa penseli, kwa sababu jasho hufuta wino na hutajua umefuta nini. Na kila asubuhi kabla ya kutoka, ijaribu mashine kwa kitu unachokijua. Yeye alikuwa na kisoksi cheupe cha taa ya karabai, kile kinachong'aa badala ya utambi, ndani ya mkebe wa tumbaku. Vile visoksi vya zamani vilikuwa na madini yaleyale kidogo. Asubuhi anaufungua mkebe, anaiweka mashine juu yake, inalia, anaufunga.

"Wavuvi wa omena kule Mfangano wanawasha hii kila siku," akaniambia mara ya kwanza nilipoona. "Sisi tumetumwa kutafuta kilima kizima cha kitu ambacho wao wananunua dukani."

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Wiki ya pili Mzee alikuwa mgonjwa nikatoka peke yangu. Kila nilipopima palilia. Njiani palilia, shambani palilia, hata chooni palilia. Nikarudi kambini mbio kumwambia Daktari kwamba wilaya nzima ni nyuklia. Mzee Ochola akatoka kwenye hema amejifunga blanketi, akaushika mkono wangu wa kushoto, akanivua saa. Ilikuwa saa kuukuu niliyoipata mpakani, ile aina ambayo mishale yake inang'aa gizani. Akaiweka mbele ya mashine ikalia kwa furaha.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "umezunguka kutwa nzima ukijipima wewe."

Walicheka mwezi mzima. Nami nilicheka. Kosa la aina hiyo unaweza kulihadithia ukiwa umekaa vizuri.

Kuna jambo moja kuhusu baba yangu niliseme hapa, msije mkadhani sikujua nilichokuwa nikifanya. Baba alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba wa Macalder, enzi za wakoloni. Ili mgodi upate stima walifunga mto Kuja, wakaweka mtambo, wakavuta nyaya hadi kwenye mashimo. Nyaya zilipita juu ya maboma ya watu. Baba alisukuma mawe chini ya taa za stima mpaka jioni, kisha akatembea kwa miguu chini ya nyaya hizohizo kurudi nyumbani, ambako mama alikuwa amewasha koroboi. Nilikulia kwenye moshi wa koroboi hiyo. Aliyetoka kwenye nyumba kama hiyo hawezi kusema hakujua stima huenda kwa nani.

Basi tuje kwenye baraza.

Mitaro ya kwanza tuliichimba kwenye kingo za barabara, bila maneno. Lakini Daktari alikuwa na ramani ya zamani iliyochorwa na wapimaji wa Mkoloni, na mashimo yao yalikuwa yametiwa nambari hadi juu kabisa, katikati ya mashamba. Majina ya maboma yaliandikwa vibaya hata wenyewe hawakuyatambua nilipoyasoma. Ili tupande huko tulihitaji wenye mashamba wakubali. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Naibu wa chifu akaitisha baraza chini ya kilima, na watu wakaja wengi.

Aliyesimama kuwasemea ni yule mwanamke niliyemtaja. Tulimwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, kwa kuwa huko ndiko kwao kabla ya kuolewa pale kilimani. Aliuza samaki wa Mfangano kwenye masoko yote ya upande ule, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya dispensari yao. Dispensari yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo, na akina mama walijifungulia humo kwa koroboi. Mwaka uliotangulia mmoja alifia pale, mafuta yakiwa yameisha na mkunga akipapasa.

"Mnatafuta mawe ya kutengeneza stima," Nyar Uriri akaniambia mbele ya watu wote.

"Ndiyo, mama, kama yapo."

"Na hiyo stima itawaka wapi?"

"Huko ng'ambo."

"Wacha iwake. Lakini na sisi tunataka. Nguzo kutoka barabara kubwa mpaka dispensari. Mkileta nguzo, chimbeni hata chini ya kitanda yangu."

"Mume wako amekubali hiyo ya kitanda?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Yeye hulala kwa kiti, na redio yake," akajibu bila kugeuka, na baraza likaanguka kwa kicheko.

Mimi sikuwa na haraka. Nilikuja barazani bila kunywa chai, kwa sababu mtu aliyeshiba hukubali upesi. Na nikitaka kumshusha mtu simwambii hapana. Namwambia sawa, kisha nasema lakini, kisha nanyamaza, na ule ukimya unamfanyia kazi ndani. Nikamwambia sawa, mama, nguzo ni jambo zuri, lakini sheria inasema udongo wa juu ni wenu na madini ya chini ni ya serikali. Tumekuja kuomba kwa heshima tu, tungeweza kuja na barua.

"Hiyo sheria aliandika nani?"

"Ilikuwa ya Malkia. Tulipopata uhuru tukabadilisha jina la mwenye mali."

"Na huyo Malkia alilima hapa lini?"

Watu wakapiga makofi. Niliwaacha wapige. Kwa hesabu yangu alikuwa ametumia neno lake zuri mapema mno. Nikanyamaza. Mzee mmoja akakohoa akauliza barua hiyo ingekuwa ya nani, ya mkuu wa wilaya? Nikasema pengine. Hapo nikasikia baraza likilegea, jinsi unavyosikia kamba ya ng'ombe ikilegea mkononi.

Kutoka nguzo tukashuka hadi jenereta. Nikasema jenereta hunywa, nani atainywesha sisi tukiondoka? Kutoka jenereta tukashuka hadi sahani moja ya kuvuna jua, ya kuwasha taa ya mkunga tu. Nikasema nitamwuliza Daktari, kwa sauti ambayo kila mtu alijua sitamwuliza. Sahani ile, vijana, kampuni ingeweza kuitoa bila kuhisi. Kambini tulikuwa nazo tatu. Moja ilimwashia Daktari muziki.

Halafu nikaona nafasi. Kamati ilikuwa imeanza kwa harambee kujenga wadi ya akina mama, ya mawe, badala ya ile nyumba ya udongo. Wanaume walikuwa wakivunja mawe kwa nyundo na akina mama wakiyabeba kichwani. Nikasimama nikasema kampuni ina moyo. Kampuni itatoa lori. Na kando ya mitaro yetu kuna mawe mengi yaliyovunjwa tayari, mazuri, ya kukaa sawa ukutani. Lori litafanya safari sita mpaka dispensari, na hakuna mama atakayebeba jiwe tena.

Walipiga makofi kwa muda mrefu. Nyar Uriri hakupiga mara moja. Aliwatazama wenzake waliochoka shingo, akahesabu, nikamwona akihesabu, kisha naye akapiga.

Nguzo za stima kwa safari sita za lori. Na mawe yenyewe yalikuwa takataka tuliyokuwa tukitafuta pa kuitupa. Daktari alinizawadia koti la mvua la kijani, zuri kweli, lenye kofia.

Asubuhi ya kupakia, Mzee Ochola alinikuta nikiwaelekeza wapakiaji. Mitaro ilikuwa na nambari, na rundo lililokuwa karibu zaidi na barabara lilikuwa la mtaro wa nne. Mtaro wa nne ndio uliomfanya Daktari atume ujumbe kwao kwa furaha. Mzee akaona lori linajaa.

"Si hayo," akasema.

"Waliomba mawe, jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kwa Kiluo.

"Si hayo, Odhiambo."

Akaenda kuleta sanduku. Akaliweka usawa wa goti mbele ya rundo, akangoja sindano itulie. Nilihesabu pamoja naye. Kisha tukahesabu tena. Zilikubaliana. Ilikuwa mara tisa ya tulivyozoea kupata kule kambini. Mzee akanipa penseli na kitabu kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Mimi nikavishika nikatazama lile lori, na ile barabara iliyojaa watu wanaosubiri, na dereva aliyekuwa akipiga honi kwa mzaha. Nikakifunga kitabu. Sikuandika.

Tulikwenda kwa Daktari. Alisikiliza, akasema vipimo ni mali ya kampuni, na rundo la mawe si sehemu ya mpango wa kupima, na kwamba watu hawa wamekaa na kilima chao tangu zamani. Kisha akavaa miwani yake ya jua.

Nje ya hema Mzee Ochola akanigeukia. "Mimi ni sindano tu," akasema. "Aliyepatana nao ni wewe. Mdomo ni wako. Nenda useme."

Nilikwenda. Hilo nataka mlijue, nilikwenda kweli. Msingi ulikuwa umeshachimbwa lakini hata jiwe moja halijalazwa, safari ya kwanza ndiyo iliyokuwa imemwagwa. Nyar Uriri alikuwa amekaa juu ya mawe hayo akiwamiminia watu uji. Akanipa kikombe. Uji ulikuwa wa wimbi, umechachuliwa vizuri. Akaniuliza yeye mwenyewe kabla sijafungua kinywa.

"Ile redio yenu inasema nini juu ya hii mawe yetu?"

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Nilichotakiwa ni kupita.

"Inasema ni mawe," nikajibu.

Akacheka. Ndiyo siku aliyocheka mzaha wangu. "Basi hiyo redio ni mwalimu," akasema, na mafundi wakacheka pia, na mimi nikamaliza uji nikarudisha kikombe nikashukuru. Nikarudi kambini nikamwambia Mzee Ochola nimewaambia. Hakuniuliza nimewaambia nini. Mwisho wa mwezi akaomba kurudi kwao, na hakuniaga.

Najua mnachotaka kuuliza. Je, kuna aliyedhurika? Sijui. Miaka ya baadaye nilimwendea mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari, mtu mpole, nikajifanya naulizia rafiki. Akasema jiwe likiwa mlimani ni jambo moja. Likiwa ukutani, chumba kikiwa na dirisha dogo, mzazi akilala humo siku tatu na nesi akikaa humo miaka, ni jambo jingine. Pengine hakuna kilichompata mtu. Pengine kipo na hakitajulikana kilitoka wapi. Kwa hivyo simwambii mtu niliua, wala simwambii sikuua. Nasema nilijua, nikaulizwa, nikafanya mzaha.

Na kuhusu huo mtambo wenu wa kando ya ziwa. Siupingi, siutetei. Stima tunaihitaji, na anayewaambia watu wa huku waendelee na koroboi ili ulimwengu ubaki safi, mwambieni aje aishi na moshi wake. Lakini watakuja watu wenye faili na sanduku, na mbele yao atatangulia mtu wenu, anayejua kuongea, aliyekuja bila kunywa chai. Huyo ndiye wa kuangalia. Msimwulize kuhusu nyuklia, hajui. Mwulizeni nyaya zitashuka wapi. Mkiona anasema sawa, lakini, kisha ananyamaza, msiujaze ule ukimya. Kaeni ndani yake hata mpaka jioni. Yeye ndiye atakayechoka, nawaambia. Nami ningechoka. Siku ile barazani nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Wangekaa kimya muda wa kuchemsha chai ningewapa ile sahani ya jua, na ningemwambia Daktari imeibwa.

Kampuni iliondoka kabla ya mwaka kuisha. Walisema bei ya madini imeanguka duniani. Punda waliachiwa watu, sampuli zikapakiwa kwenye magunia zikaenda ng'ambo, mitaro ikabaki wazi na mvua ikaijaza. Mimi nilirudi Migori kwenye ng'ombe zangu.

Baada ya miaka miwili nikaletewa ujumbe sokoni na mchuuzi wa samaki. Ulitoka kwa Nyar Uriri. Wadi imekamilika, imefunguliwa, na mtoto wa kwanza kuzaliwa humo ni mvulana. Wamempa jina langu, kwa ajili ya mawe. Nije nimwone somo wangu.

Kwetu mtoto huitwa kwa saa aliyokuja nayo. Aliyekuja jioni ni Odhiambo. Aliyekuja asubuhi ni Okinyi. Huyu alizaliwa jua likichomoza, kila mtu pale alijua ni Okinyi, na bado wakamwita Odhiambo. Walipindisha asubuhi ikawa jioni kwa heshima yangu. Na mtu akiitiwa mtoto ni lazima aende, na mkononi asikose kitu. Nilichukua jogoo, sabuni, na shuka laini la mtoto. Njiani nilishuka mara mbili nikitaka kurudi.

Nyar Uriri alinipokea nje akanizungusha kunionyesha kuta. Zilikuwa zimejengwa kwa ustadi. Mafundi walichagua yale mawe yenye madoa mekundu wakayapanga kuzunguka madirisha kuwa pambo. Nilikuwa nayajua madoa yale.

"Stima bado," akasema. "Lakini angalia nyumba. Ukiangalia hii nyumba unaweza kuona kama stima iko karibu."

Sijui ni nini kilichonikata hapo. Labda ni vile alivyokuwa akilipiga jiwe kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mzuri mgongoni. Nikamwambia. Nikamwambia mtaro wa nne, na mara tisa, na hema la Daktari, na uji. Niliongea nikimtazama jogoo.

 Kisha akaondoa kiganja chake ukutani.

"Ulijua kabla ya mabati kuwekwa au baada?"

"Kabla ya jiwe la kwanza kulazwa."

"Ile siku ya uji."

"Ile siku ya uji."

"Uliandika mahali? Iko karatasi naweza kupeleka kwa wakubwa?"

"Sikuandika."

"Kwa hivyo ni mdomo yako tu."

"Ndiyo, mama."

"Ileile."

 Ndani ya wadi mtoto alilia kidogo akanyamaza. Nyar Uriri alitazama kilima, akatazama njia ambayo akina mama walikuwa wakipanda nayo, na midomo yake ilisogea. Nilijua anahesabu. Nilidhani anahesabu safari za lori. Sasa nadhani alikuwa akihesabu wanawake wenye mimba.

"Na mimi nilipiga makofi," akasema. Kisha akaufungua mlango akauacha wazi. "Ingia. Mimi siwezi kumwambia. Mwambie wewe."

Mzazi alikuwa msichana mdogo, hata miaka ishirini hana, amelalia kitanda kilichosukumwa hadi ukutani ili upepo wa mlangoni usimfikie. Aliponiona na shuka mkononi akajua mimi ni nani, akajaribu kuketi vizuri, akasema karibu, baba. Akanigeuzia mtoto ili nimwone uso. Mtoto alikuwa amelala, ngumi zote mbili zimefungwa.

Nilisimama pale nikamwambia. Sikutumia sawa, wala lakini. Nilisema mawe haya mashine yetu iliyalilia, na mimi nilijua, na nilipoulizwa nilificha, na ni afadhali atoke humu, yeye na mtoto, warudi kwenye ile nyumba ya udongo mpaka mtu mwenye elimu aje apime. Hakuelewa yote. Akamtazama Nyar Uriri aliyekuwa mlangoni. Nyar Uriri akaitikia kwa kichwa, kwamba ni kweli.

Msichana akakusanya vitu vyake.  Nesi akabeba beseni. Mimi nikanyoosha mkono nimpokee mtoto wakati mama yake akishuka kitandani, na Nyar Uriri akapita mbele yangu akamchukua yeye. Shuka langu likabaki juu ya godoro.

Pale nje, juani, msichana akafunika uso wa mtoto kwa kanga, akauliza kwa sauti ya chini, na hakuwa akiniuliza mimi:

"Sasa huyu tutamwita nani?"

"Alizaliwa asubuhi," Nyar Uriri akasema. "Ni Okinyi."